Kikopo cha Baba Mkwe

Tulipomaliza kumzika baba mkwe wangu, Mzee Wambura, pale Mwitongo, Butiama, mtu wa kwanza kunifuata jikoni hakuwa wifi wala jirani. Alikuwa Mzee Magesa, rafiki yake wa rika moja, muuza samaki mstaafu, mfupi kama kinu, miaka themanini na ushei, meno manne. Alijishika kwenye mwimo wa mlango, akanitazama kwa muda, akasema, "Binti, mwenzangu ameondoka. Sasa nani atakuwa ananiombaga mavi?" Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele walibaki na nyungo hewani. Mimi nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la mkaa, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko. Wifi yangu mdogo akaniuliza kama nimepagawa. Nikamwambia hapana, ni mambo ya mwaka ule. Na kwa kweli siku hiyo nilihitaji kucheka, maana asubuhi Shangazi Nyabuso, dada wa marehemu, alikuwa amenizuia nisikae kwenye mkeka wa mabinti. "Wakwe mkeka wenu ni ule wa karibu na zizi," alisema mbele za watu. Nikaenda nikakaa na wakwe wenzangu, nimenuna. Ukitaka kujua kwa nini nilinuna, na kwa nini mzee mzima aombe choo cha mwenzake, inabidi nikurudishe miaka kumi na sita nyuma. Kila mtu katika ukoo huu anausimulia mwaka ule anavyotaka, na wengine wameshauongezea hata mamba. Lakini mwenye darubini nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndoa ina mwaka mmoja, na mimi na mume wangu Deus tulipanga chumba na sebule pale Mukendo, Musoma mjini. Sebule yenyewe ilikuwa na kochi moja na jiko la mafuta, na mwenye nyumba alikuwa anaanika dagaa kwenye baraza, kwa hiyo hata shuka zetu zilinukia dagaa. Nilifanya kazi maabara kwenye zahanati moja ndogo ya mtaani. Kazi yangu, tuseme ukweli, ilikuwa kuchungulia vinyesi vya watu. Wenzangu waliosomea benki walinionea huruma, ila mimi nilijiona mkubwa. Ukanda wetu wa ziwa una kichocho cha tumbo kama ulivyo na mawe. Mtu akija anasema tumbo linasokota na choo kina damu, mimi hata kabla ya kuweka kioo chini ya darubini nilikuwa nimeshasema moyoni: kichocho. Nikichungulia, kweli, yale mayai yenye mwiba ubavuni yananitazama. Nilikuwaga sikosei. Hilo la kutokukosea ndilo lililokaribia kumuua mtu.

Kila Jumapili ya pili tulikwenda Mwitongo kusalimia wakwe. Sasa, kwao baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani hata kidogo. Sikai kwenye kiti chake, sipiti nyuma yake akiwa ameinama, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa kati yetu, hata mafua. Chakula nilipika mimi, ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na maziwa ya mgando, na siku Mzee Magesa akipita na baiskeli yake kulikuwa na sato au furu wa kukaanga, lakini yeye alikula sebuleni na mimi jikoni, ukuta katikati. Akitaka kuniambia kitu alimtuma mtu. Kama hakuna mtu, alimtuma paka. Ninamsikia mpaka leo: "Paka, mwambie mkwe mboga imezidi chumvi." Na mimi jikoni najibu, "Paka, mwambie baba nimesikia." Paka mwenyewe amelala. Tuliishi hivyo kwa amani kabisa, na ninakiri kwamba nilimpenda yule mzee mrefu, mkimya, mwenye koti la kijivu, ambaye sikuwahi kumtazama usoni.

Mama mkwe ndiye aliyeniita kando ya ghala siku moja na kuninong'oneza kwamba mzee anatoka damu chooni, tena muda sasa. Yeye mwenyewe anasema ni bawasiri ya kukaa sana kwenye kigoda, anakunywa mizizi. "Wewe si ndiyo kazi yako? Msaidie, lakini asijue nimekwambia." Nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Nikatoa kikopo kwenye mkoba, kile cha plastiki chenye kifuniko chekundu, nikakipitisha kwa Deus, Deus akampa mama yake, mama akampa mzee. Jioni, tukijiandaa kuondoka, nilisikia nyuma ya ghala mzee na Magesa wananong'ona, halafu Magesa akaangua kicheko, "Ha! Wambura, hii hata shetani hajawahi kuombwa!" Nikadhani wanazungumza habari za ng'ombe. Kikopo kikarudi kwangu kwa njia ileile, kimefungwa kwenye gazeti mara tatu, na tukaondoka nacho.

Kesho yake nikakichungulia. Mayai ya kichocho yalijaa, pamoja na minyoo ya safura. Damu ya kuonekana kwa macho haikuwepo, lakini sikuijali. Kitu kingine nilikiona na nikakipita: mzee wangu alikuwa mtu wa Butiama ya juu, mtu wa mtama na ng'ombe, aliyeogopa maji kiasi cha kuogea kata moja. Kichocho cha kiasi kile alikitoa wapi? Angekuwa mgonjwa mwingine ningemuuliza, baba, unaogelea wapi? Lakini mkwe utamuulizaje mahali anapovulia nguo? Sikuuliza. Tabibu wetu akaandika dawa kwa majibu yangu, nikaazima ule ubao wa kupimia urefu wanaotumiaga mashuleni, maana dozi ya kichocho hupangwa kwa kimo, mama mkwe akamsimamisha mzee ukutani, alama ikafika juu kabisa, akameza vidonge vyake vyote kwa uji. Alitapika mpaka jioni. Paka akapewa ujumbe: "Mwambie mkwe dawa yake ni kali, lakini ahsante."

Ikapita miezi mitatu. Damu haikukoma. Mzee akaanza kupungua, kila tukienda naona mkanda wake umeongezwa tundu jipya kwa msumari, na ugali unarudi jikoni umemegwa kidogo tu. Mimi bado najisemea, atakuwa anachelewa kupona, umri umeenda. Ndipo asubuhi moja, foleni imejaa, Mzee Magesa akaingia maabara ananuka sato, akaegemea meza yangu.

"Mkwe, shikamoo siitaki, nina haraka. Nimekuja kuchukua dawa zangu."

"Dawa gani, baba?"

"Za kichocho. Tumbo linanisokota vibaya. Majibu si unayo?"

"Hujawahi kupima hapa, baba."

"Nimepima," akasema, amekasirika kidogo. "Ile choo ya Wambura si ilikuwa yangu? Mwenzangu alisema hawezi kumtumia mkwe wake mavi ayachungulie, atakula vipi chakula chake tena? Akaniomba, nikamsaidia. Kumbe wewe ukampa yeye dawa zangu zote. Amezitapika bure, na mimi ndiye mgonjwa!"

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilicheka sekunde moja, kisha nikaacha. Kwa sababu kama kile kilikuwa choo cha Magesa, basi choo cha baba mkwe hakijawahi kuonwa na mtu. Damu ile ya miezi haikuwa na jina. Mzee wa miaka sitini na sita, damu, kukonda, choo kinachobanwa na kutoka chembamba, kama mama mkwe alivyokuwa amenidokeza na nikapuuza: hayo nilifundishwa darasani, nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Nilimpa Magesa dawa zake bila kumtazama, naye akaona. "Kuna nini?" akauliza. Nikamwambia wazi kwamba ninaogopa ni kansa ya utumbo, na kwamba nimempotezea miezi mitatu. Halafu akasema, "Hukumpotezea wewe. Tuliharibu sisi wazee wawili, na mimi nitakwenda kutengeneza."

Deus asingeweza, maana mtoto hamtajii baba yake habari za choo. Mama mkwe asingesikilizwa. Lakini watu wa rika moja, walioingia ujanani pamoja, hawana siri wala haya, wanatukanana hadi matangani. Jumapili hiyo tulikuwa tumekaa, wao sebuleni, sisi jikoni, sato wa nazi mezani, nikamsikia Magesa kupitia ukutani akisema kwa sauti ya mnadani: "Wambura, leo nakurudishia haki yako. Mimi kichocho changu nimeshakinywea dawa. Wewe damu yako inatoka wapi?" Kijiko kikaanguka. "Unaona haya ya mkwe," akaendelea, "haya! Ukifa, nani atakuvisha? Si hao hao? Bora akuone mzima." Mama mkwe alinishika mkono chini ya meza. Ndipo sauti ya mzee ikatoka, nyembamba: "Paka." Hakuna aliyejibu. "Paka, mwambie mkwe nitakwenda kokote anakotaka. Ila yeye asiingie ndani."

Sikuingia. Nilikaa kwenye benchi la nje la hospitali pale Musoma, Deus akaingia naye. Daktari alikuwa kijana mpole, akampima kwa kidole, kile kipimo ambacho watu wanakikimbia wakati hakimalizi hata dakika mbili. Mzee akatoka anafunga mkanda, uso umemkunjamana, akamwambia Magesa aliyekuwa amekuja kushuhudia, "Miaka yote nawashikia ng'ombe wangu bwana mifugo anawapima mimba. Leo ndiyo nimejua kwa nini wanapigaga teke." Magesa alijigaragaza kwenye benchi. Lakini mimi nilimwona daktari mlangoni, na daktari hakuwa anacheka. Aliniita, akaniambia si bawasiri, kuna kitu kigumu mwishoni mwa ncha ya kidole, aende Mwanza akapigwe kamera bila kuchelewa.

Kule Mwanza walimnywesha dawa ya kusafisha tumbo usiku kucha hata akasema amezaliwa upya, kisha wakaingiza kamera, wakauona uvimbe, wakakata kinyama wakakipeleka kupimwa. Majibu yalichukua majuma mawili. Sijawahi kuona majuma marefu kama yale. Pale Mukendo nilikuwa nikiosha vyombo mara mbili mbili. Nilipoitwa kusikia, daktari wa upasuaji alisema bila kuzunguka: ni saratani, iko juu kidogo ya njia ya haja kubwa, ilianza huenda miaka mingi nyuma kama kinundu kisichouma, na picha zinaonyesha haijafika kwenye ini. Mzee alisikiliza, akauliza, "Kumbe imekula ugali wangu miaka yote bila kushika jembe?" Daktari akacheka, akamwambia sasa tunaifukuza. Nilimfuata daktari koridoni nikamuuliza lile lililokuwa linaninyima usingizi: ile miezi mitatu. Akanijibu, "Siwezi kukwambia haikuongeza kitu. Ninachoweza kukwambia ni kwamba umemleta akiwa bado anatibika." Nimekaa na jibu hilo miaka yote hii, na nimeshalizoea.

Walimkata sehemu ya utumbo yenye uvimbe, wakaunganisha, na ili mshono upone wakatoa utumbo kidogo ubavuni, choo kikawa kinatokea pale, kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Ni wa muda, walisema, miezi kadhaa. Wauguzi walinifundisha mimi na Deus kuubadilisha: kusafisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, kukausha, kukata tundu kwa kipimo, kubandika bila mkunjo. Deus alisimama kama askari, akakubali kila kitu, akasema ameelewa. Mzee aliweka sharti moja tu, na safari hii, kwa kuwa paka hakuwepo, alimtuma dirisha. "Dirisha, mwambie mkwe mfuko atabadilisha Deus."

Tulipanda basi la kurudi siku ya jua kali. Kabla ya Bunda nikasikia harufu, na mzee akafumba macho. Mfuko umebanduka. Tukashuka Bunda na mizigo yetu, nikakodi chumba kwenye nyumba ya wageni jirani na soko, chumba chenye kitanda, beseni la bluu na kalenda ya zamani. Deus akaingia naye, na nikasubiri mlangoni. Dakika moja. Kitu kizito kikaanguka. Nilipofungua, mume wangu alikuwa sakafuni amezimia, mtu wa futi sita, na baba yake amesimama ameshika ubavu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, ananigeuzia mgongo. "Toka, mkwe," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha moja kwa moja. "Toka. Bora nife hivihivi."

Nilimmwagia Deus maji, akaamka, nikamweka ukutani. Kisha nikasema, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka, "Baba, haya yako yalishanipa kinyesi cha Mzee Magesa nikakuchelewesha. Leo sitoki." Nje wauza nguo wa sokoni walikuwa wanaitana. Hatimaye akasema bila kugeuka, "Deus. Leo si mnada? Nenda kaniletee mbuzi." Tukadhani homa imempanda. Lakini yeye alijua anachosema. Kwao mzee akitaka kuondoa mwiko kati yake na mkwe, anampa mbuzi mkononi, na kuanzia hapo wanakuwa mzazi na mtoto. Deus akatoka mbio bado ana maji kichwani. Mimi na mzee tukabaki, yeye ameshika ubavu kwa taulo, mimi nakata tundu la mfuko mpya, hatusemezani, hata dirisha halikutumwa. Deus akarudi na beberu mweusi mwenye madoa, amemwingiza mpaka chumbani kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anapiga kelele nje. Mzee akaishika kamba, akageuka, akanitazama usoni. Alikuwa na macho ya Deus, sikuwahi kujua. Akaniwekea kamba mkononi, akanitaja kwa jina langu kwa mara ya kwanza, akasema, "Nyangeta, mwanangu uliyezaliwa Bunda. Haya, nisafishe." Nikamfunga mbuzi kwenye mguu wa kitanda, nikanawa mikono, nikamsafisha. Mbuzi alikula kalenda yote.

Basi la pili likatukataa kwa sababu ya mbuzi, la tatu likampakia kwenye buti, na tulifika Mwitongo tunanuka kuliko soko la samaki, tunaimba. Baada ya hapo tulikwenda Mwanza kila majuma matatu kwa dripu za dawa kali, kwa kuwa tezi mbili zilizotolewa pamoja na utumbo zilikutwa na ugonjwa. Zilimchosha, mdomo ukamtoka vidonda, vidole vikawa na ganzi hata akashindwa kufunga vifungo vya koti. Kuna siku alisema basi, inatosha, na mimi nikamwambia mbuzi alishaliwa, hakuna kurudi nyuma. Tukirudi tulishuka Bunda kila mara, tunakula wali na maharage kwa mama mmoja pale stendi, naye mzee anamwambia kila anayetusikiliza, "Huyu ni binti yangu, nimemzaa hapa hapa." Mwaka ulipokaribia kwisha walimfunga lile tundu la ubavuni, njia ikarudi mahali pake. Siku alipokwenda chooni mwenyewe kwa mara ya kwanza alitoka nje akatangaza kwa boma zima, na Magesa akapiga vigelegele kama mwanamke.

Toka hapo alipimwa kila alipotakiwa, kamera, damu, picha, na hata pale ambapo hakutakiwa. Maana kila mwaka, mvua zikianza, aliniomba kikopo chenye kifuniko chekundu, na kila mwaka alikileta mwenyewe Musoma mpaka maabara, kimefungwa kwenye gazeti, anakiweka mezani mbele ya foleni nzima na kusema kwa sauti, "Hii ni yangu kweli." Alikula ugali wangu sebuleni na mimi nimekaa hapo hapo. Aliishi miaka kumi na sita. Moyo ndio ulimchukua, usingizini, si utumbo.

Basi siku ile ya msiba, mimi niko juu ya gunia la mkaa nafuta macho, mama mkwe akaingia jikoni na lile koti la kijivu. "Chukua," akaniambia, "kuna kitu chako mfukoni. Alikiweka mwezi uliopita, akasema mvua zimekaribia." Nikatia mkono. Kilikuwa kikopo cha kifuniko chekundu, kisafi, kitupu. Kwenye karatasi ya ubavuni alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa za vidole vyenye ganzi. Magesa akaninyang'anya, akakisogeza mbali na macho yake, akatoka nacho nje hadi uwanjani kwa hatua zake fupi, akasimama kati ya mikeka miwili, akakisoma kwa ile sauti ya mnadani: "Wambura. Yangu mwenyewe. Apime binti yangu wa Bunda."

Shangazi Nyabuso alikitazama kikopo, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na masizi usoni, akavuta kanga yake kutoka kwenye nafasi iliyokuwa kando yake.

"Sogeeni," akawaambia mabinti wa Wambura. "Mwenzenu akae."

Nikakaa.